Maneno Manne ya Kubeba Kituoni



Mtu akikamatwa usiku, jamaa zake hukimbilia kutafuta fedha. Nawasihi mtafute kwanza maneno. Asiyeyajua maneno ya sheria huuziwa haki iliyo yake.

La kwanza ni mshukiwa. Huyu amekamatwa, hajashtakiwa. Akisomewa mashtaka huitwa mshtakiwa. Hata hapo si mhalifu: Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 yamhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Basi tusimtenge katika ushirika kwa kuwa amelala seli.

La pili ni kufikishwa mahakamani. Mwaka 1988 Bunge lilibadili Katiba, polisi wakaruhusiwa kumzuilia kwa siku 14 mshukiwa wa kosa la kunyongwa. Katika miaka hiyo ya themanini watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Leo Ibara ya 49 yaagiza mshukiwa afikishwe katika saa 24, au zikiisha mahakama imefungwa, siku ya kazi inayofuata. Aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha aifahamuyo, anyamaze akipenda, azungumze na wakili.

La tatu ni dhamana. Hiyo ni ahadi ya kurudi mahakamani, si bei ya uhuru. Mkilipa fedha, daini stakabadhi.

La nne ni hebiasi kopasi, yaani amri ya kumleta mzuiliwa mbele ya jaji. Ibara ya 25 yakataza haki hii kupunguzwa kwa sababu yoyote. Mwaka 2024, vijana walipotekwa baada ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, mawakili waliikimbilia amri hiyo.

Tena Ibara ya 22 yamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwenzake asiyeweza. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyefariki barabarani tarehe 14 Agosti 1990, aliwasemea wanyonge wakati ambapo kusema kulikuwa hatari. Sisi tumepewa na sheria. Tutajitetea kwa lipi tukinyamaza?

Kwa hiyo mkiitwa kituoni, andikeni saa ya kukamatwa, ulizeni kosa, hesabuni saa 24. Zikipita, mwiteni wakili.