Transista na Mipaka Yake

(Maneno ya hotuba ya fundi wa sola mbele ya wanachama, Mkongani, Kwale)



Bwana Katibu alinitaka niseme habari za taa za sola, kwa kuwa wengi wetu hapa Mkongani, na wenzetu wa Diani na Msambweni, twazifunga, twazitengeneza, au twafanya kazi chini ya mwanga wake. Nitashika jambo moja tu, nalo ni namna ya kujua kwa hesabu, kabla ya kushika chuma cha lehemu, ni wapi transista ya taa itashindwa. Msidhani ni jambo la mafundi peke yao. Lafika mpaka kwenye mshahara, kama mtakavyosikia.

Transista si kitu kigeni. Ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, na wazee wetu waliijua kwa jina la redio. Katika taa ina kazi nyingine: ni bawabu. Yapasa ipitishe kiasi kile kile cha umeme, betri ikiwa imeshiba au imechoka.

Sababu ya kuweka bawabu ni hii. LED nyeupe moja hutaka karibu volti 3.1, na tatu zikifuatana hutaka 9.3. Betri nayo, ingawa imeandikwa volti 12, hupanda mpaka 14.4 inapochajiwa na jua, na hushuka mpaka 10.8 inapokwisha. Wako watu huweka rezista moja ya omu 27 wakaridhika. Betri ikiwa volti 12, hubaki volti 2.7 juu ya rezista, na 2.7 ukigawanya kwa 27 wapata ampea 0.1. Vizuri. Lakini betri ikifika 14.4, ampea zawa karibu 0.19, na ikishuka 10.8 zawa karibu 0.056. Taa ile ile hukaangwa mchana wa jua, kisha hufifia usiku wa mvua.

Basi tuchukue transista ya BD139. LED tatu zifungwe baina ya upande chanya wa betri na kolekta. Emita iende upande hasi kwa kupitia rezista ya omu 6.8. Besi ishikwe na dayodi mbili zilizofuatana kwenda upande hasi, nazo zilishwe na rezista ya omu 1,500 kutoka upande chanya. Dayodi mbili hushikilia karibu volti 1.4. Baina ya besi na emita hupotea 0.7, kwa hiyo hubaki 0.7 juu ya rezista ya emita. Gawanya 0.7 kwa 6.8, wapata ampea 0.103. Tuseme 0.1. Angalieni kwamba katika hesabu hii betri haikutajwa hata mara moja, na hiyo ndiyo faida ya bawabu.

Lakini kila bawabu ana mipaka yake. Mpaka wa chini ni wa masika. Mawingu yakikaa siku tano juu ya Shimba Hills, betri haishibi. LED zataka 9.3, rezista ya emita 0.7, na transista yenyewe haiwezi kufanya kazi bila kubakiwa na kitu; mimi huiwekea nusu volti. Jumla 10.5. Betri ikiwa 10.8, twapita, kwa nafasi ndogo. Ikishuka chini ya 10.5, transista huwa imefunguka yote wala haina tena la kuamua, na mwanga huanza kupungua. Haiungui. Mtu akitaka kuongeza LED ya nne kwenye mstari huo, mwambieni ajumlishe kwanza: 12.4, na 0.7, na 0.5. Taa hiyo itamwakia vizuri betri inapochajiwa, na usiku itamwacha gizani.

Tazameni pia chakula cha besi. Kitabu cha BD139 chasema kwamba transista iliyo dhaifu kabisa katika aina hiyo hukuza umeme wa besi mara 40, basi kwa ampea 0.1 besi yataka miliampea 2.5. Betri ikiwa 10.8, rezista ya omu 1,500 hupitisha 6.3. Zatosha, na dayodi nazo hupata zao.

Mpaka wa juu ni wa kaskazi, nao ndio wenye hasara. Volti zote ambazo LED hazikuzitumia humwangukia bawabu. Betri ikiwa 14.4, toa 9.3, toa 0.7, hubaki 4.4 juu ya transista. Zidisha kwa ampea 0.1, wapata wati 0.44. Transista hii isipofungiwa bati la kupoza, kila wati moja huipandisha joto digrii 100. Kwa hiyo itapanda digrii 44 juu ya hewa iliyoizunguka. Mtasema, taa huwashwa usiku, jua halipo. Kweli, lakini duka lisilo na dirisha na karakana ya nyuma huwasha taa saa saba mchana.

Kitabu chasema transista hiyo yavumilia wati 1.25 bila bati. Someni maandishi madogo: ni katika hewa ya digrii 25. Aliyekiandika hakukaa chini ya mabati ya Mkongani mwezi wa Februari. Ndani ya sanduku lililofungwa tuhesabu digrii 45. Moyo wa transista mwisho wake ni digrii 150. Toa 45, hubaki 105. Gawanya kwa 100, wapata wati 1.05. Hicho ndicho kipimo chetu sisi, si kile cha kitabu. Taa yetu ya wati 0.44 imo ndani.

Sasa hesabuni siku mbaya. Waya za LED zikigusana, volti 9.3 hazina tena wa kuzitumia, na transista huachiwa 13.7. Mara 0.1, ni wati 1.37. Imepita mpaka. Taa iliyokuwa salama mwaka mzima huungua kwa sababu ya waya uliochunika. Fundi asiyehesabu siku hiyo amehesabu nusu.

Nafika kwenye mshahara. Zamani nilimfanyia kazi tajiri mmoja, simtaji. Aliamuru rezista ya omu 6.8 itolewe iwekwe ya 2.2 ili taa zing'are zaidi, na sanduku lizibwe lisiingie wadudu. Taa ziling'ara kweli. Zikaanza kurudi, na kila iliyorudi tulikatwa. Hebu pigeni hesabu wenyewe: 0.7 kwa 2.2 ni karibu ampea 0.32, mara volti 4.4, ni wati 1.4, joto digrii 140 juu ya 45, jumla 185. Hakuna mkono wa fundi, hata uwe hodari namna gani, utakaoizuia transista hiyo isiungue.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea ikiwa ni kwa kosa la makusudi la mfanya kazi, na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Basi swali ni nani aliyeharibu. Neno la fundi juu ya neno la tajiri ni ugomvi tu. Lakini karatasi yenye mistari minne ya hesabu, imeandikwa tarehe, na amri ya kubadili rezista imeandikwa kando yake, hiyo Katibu aweza kuiweka mezani. Iandikeni siku ya amri, si siku ya kukatwa.

Dawa ya joto si ghali. Fungeni kipande cha alumini mgongoni mwa BD139. Kikiwa cha kupandisha digrii 30 kwa wati, pamoja na digrii 10 za ndani ya transista, hata ile siku mbaya ya wati 1.37 huongeza digrii 55 tu, na moyo hubaki digrii 100. Karatasi ya maika iwe katikati, maana mgongo wa transista hii ni kolekta yenyewe. Tena dayodi mbili zibandikwe karibu nayo. Transista ikipata moto, ile 0.7 ya besi na emita hupungua kama milivolti 2 kwa kila digrii. Ikipanda digrii 50, rezista ya emita hupata 0.8, na umeme huzidi sehemu moja katika saba. Dayodi zikipata moto pamoja nayo, nazo hupungua, na umeme hutulia.

Nimeleta mezani taa mbili, moja ina bati na moja haina, na mita ya kupimia. Karibuni mpime, ila ile isiyo na bati msiiguse kwa kidole.