Mwizi wa Vifaranga Ana Milango Miwili

(Mazungumzo ya kikundi kimoja cha kina mama kutoka Mwingi, mbele ya vikundi jirani vya kujisaidia)

Tumeombwa tuseme juu ya kuku wa kienyeji. Sisi si madaktari wa mifugo. Ni wakulima kama ninyi, na tutawaambia yaliyotupata na tuliyoyafanya.

Tulipoanza mradi, kuku wetu watano walitotoa vifaranga 51. Tulifurahi sana, tukaanza kupiga hesabu ya karo. Baada ya wiki sita walibaki 14. Basi tukaanza kunong'onezana. Kulikuwa na kijana wa jirani, mchunga mbuzi, aliyepita karibu na boma kila siku. Tukasema ni yeye. Mmoja wetu alikwenda hata kumwambia mama yake, na ujirani wa miaka mingi ukaharibika siku hiyo.

Halafu asubuhi moja tulikuta kuku wakubwa wawili wamekufa ndani ya kibanda. Shingo zimeumwa, vichwa vimeliwa, nyama yote imeachwa. Jamani, ni mwizi gani wa miguu miwili anayekula kichwa akaacha paja? Na kifaranga wa siku tano, mtu atamuuzia nani? Tulikwenda kumwomba yule mama msamaha. Alitupokea, lakini haya tunayo mpaka leo.

Kwa hiyo jambo la kwanza: kabla ya kumtaja mtu, tazameni alama. Kifaranga akipotea mchana mahali peupe, na mama kuku amepiga kelele, huyo ni mwewe au kipanga. Akipotea mchana kando ya kichaka, mshukuni nguchiro. Kuku akiumwa shingoni usiku, ni kanu au kicheche. Mkikuta pamechimbwa chini ya ukuta au mbao zimeng'olewa, na kuku wengi wameuawa usiku mmoja, hiyo ni kazi ya nyegere. Mayai yakiisha bila hata ganda kubaki, huenda nyoka ameyameza mazima. Lakini mlango ukiwa wazi, kuku wakubwa hawapo na hakuna unyoya wala damu, hapo ndipo mwaweza kufikiria mtu.

Mwaona basi kwamba wezi hawa wana milango miwili: wa mchana na wa usiku. Ukifunga mmoja tu, umefanya kazi bure.

Tuanze na mlango wa mchana. Zamani watoto ndio waliofukuza mwewe. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 2003, wengi zaidi wako darasani, na hilo ni jema. Lakini vifaranga wamebaki bila mlinzi. Sisi sasa tunamfunika mama kuku na vifaranga wake chini ya tenga kubwa, kivulini, na jiwe juu yake. Tunawawekea chakula na maji safi. Wakikaa hivyo wiki nne za kwanza, mwewe atazunguka mpaka achoke. Baadaye tunawahamisha kwenye ua mdogo uliofumwa juu kwa kamba za mkonge, mpaka wafike wiki nane. Tafadhali, msikate neti ya mbu kwa kazi hii. Mtoto anaihitaji kuliko kifaranga.

Pia tulifyeka vichaka hatua kumi kuzunguka vibanda, maana nguchiro hapendi kupita mahali peupe. Kisha uwanjani tukaweka vimeza vifupi vya fito vilivyoezekwa nyasi. Mama kuku akilia, vifaranga wanakimbilia chini yake.

Sasa mlango wa usiku. Kibanda kiwe juu ya miguu, futi tatu kutoka ardhini. Kila mguu uzungushiwe kipande cha bati laini ili kanu asipate pa kushika, na majivu yamwagwe chini kuzuia siafu. Ngazi iondolewe kila jioni. Ukuta ukandikwe udongo vizuri. Palipo na dirisha pawekwe waya wenye matundu madogo, ya nusu inchi. Kipimo chetu ni hiki: mahali ngumi ya mtoto inapopita, nguchiro naye anapita. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlango uwe na komeo, ufungwe kabla ya giza. Na kila jioni kuku wahesabiwe. Asiyehesabu atajuaje kwamba ameibiwa?

Mtatuuliza, pesa mlitoa wapi? Fito, nyasi, udongo na mkonge tulikuwa navyo. Tulinunua waya, misumari na bawaba tu, kutoka mfuko wa kikundi. Kila Jumamosi tulikwenda kwa mwanakikundi mmoja, tukajenga, na Jumamosi iliyofuata kwa mwingine, mpaka mzunguko ukaisha.

Kuna waliotushauri tutege nyama yenye sumu. Tulikataa. Sumu haichagui. Mbwa wako ataila, tai ataula mzoga, na mtoto anaweza kuigusa. Tena nguchiro na kicheche hula panya wanaomaliza mahindi ghalani. Na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda mnyama wa porini bila kibali. Kazi yetu ni kufunga mlango.

Msimu uliofuata tulitotoa vifaranga 46, na 33 wakakua. Hasara haikuisha, kwa kuwa kuna magonjwa, na chanjo nayo ni ya lazima. Lakini wawili wetu walilipa karo kwa kuku. Na yule kijana mchunga mbuzi ndiye aliyetukatia fito za kibanda cha mwisho.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Katika msimu uliopita, vifaranga wangapi walitotolewa kwenu, na wangapi walikua?
2. Waliopotea, waliacha alama gani?
3. Tuanze kujenga kwa nani, na lini?