Joto la Mchana



Darubini kubwa za wataalamu wa falaki hutumia kioo kilichobonyea kama sinia, kinachokusanya nuru hafifu ya nyota na kuielekeza mahali pamoja. Kioo kikiwa kipana zaidi, hukusanya nuru nyingi zaidi. Lakini kioo kipana na kinene kina shida mbili. Hujipinda kwa uzito wake chenyewe, tena hutunza joto la mchana. Usiku hewa ya mlimani hupoa, nacho kingali na joto. Basi hewa iliyo juu yake hutetemeka, kama tuionavyo juu ya barabara wakati wa jua kali, na sura ya nyota huvurugika.

Katika miaka ya 1980, mtaalamu Roger Angel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walibuni njia ya kukiondoa kioo katika shida hizo. Ndani ya kalibu hupangwa visanduku vingi vya pembe sita. Juu yake huwekwa mabonge ya kioo, na tanuri hupashwa moto kupita nyuzi 1,100 za Sentigredi. Kioo huyeyuka na kushuka katika nafasi zilizo kati ya visanduku. Tanuri zima huzungushwa, hata kioo hicho huinuka pembeni na kubonyea katikati, mfano wa maji yakorogwayo ndooni. Kisha hupozwa polepole. Kioo cha upana wa mita 8.4 huchukua takriban miezi mitatu, maana kikiharakishwa chaweza kupasuka. Mwishowe visanduku huondolewa kwa maji yenye nguvu. Hubaki uso mwembamba uliobebwa na kuta kama za sega la nyuki, wenye uzito wa karibu sehemu moja ya tano ya kioo kisicho na matundu. Na katika matundu hayo hupulizwa hewa, ili kioo kipoe pamoja na usiku.

Kanisa nalo laijua kazi hiyo. Darubini ya Vatikani iliyoko mlima Graham, Arizona, iliyozinduliwa mwaka 1993, ina kioo cha karibu mita 1.8 kilichotengenezwa kwa njia hiyo hiyo.

Wapendwa, katekista aliyekosana na mwenyekiti wa jumuiya siku ya Jumatatu, naye akakaa na hasira hadi Jumapili, aweza kufundisha juu ya huruma bila kukosea neno hata moja. Hata hivyo wasikilizaji wake huona mtetemo. Kosa si la nyota. Ni joto la mchana lililobaki ndani ya kioo.

Kupata joto si dhambi ya kioo. Jua limekiwakia kweli. Vivyo hivyo kusamehe si kusema kwamba hatukukosewa. Ni kuiachia hewa nafasi ya kupita: kumwendea ndugu kabla ya usiku, kukaa kimya mbele ya Mungu, kupiga magoti katika kitubio.

Lakini tusichanganye joto la mchana na moto wa tanuri. Yuko mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Yuko kijana aliyesalitiwa na mtu aliyemwita baba. Hao wamepita katika moto mwingine, nasi twawaambia mapema mno, "Samehe, yaishe." Tukiwaharakisha, twaweza kuwapasua. Yatupasa kukaa nao, kuwatetea wapate haki yao, na kuwaacha wapoe siku kwa siku, mikononi mwake Yeye asiye na haraka.

Jioni ya leo, basi, kila mmoja ajiulize: joto nililo nalo ni la namna gani? Kama ni la mchana tu, nisilale nalo. Kama ni la tanuri, nimwombe Bwana anipoze taratibu, ili siku moja nuru yake ionekane kwangu bila kutetemeka.

Amina.