Ukingo wa Dari

Neno letu la leo limo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Ni amri fupi, na huenda umeipita mara nyingi bila kuitazama. Hapo Mungu aagiza kwamba mtu anayejenga nyumba mpya azungushie dari yake kizuizi, mtu asije akaanguka kutoka juu na mwenye nyumba akahesabiwa hatia ya damu.

Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare. Watu walipanda huko jioni kupunga upepo, wakaongea, wakalala. Rahabu alianika kitani chake darini. Basi Mungu hakukataza nyumba mpya. Alichotaka ni ukingo. Na angalia sana amri hii yamwambia nani: yamwambia mjenzi. Haimwambii apitaye darini ajiangalie mwenyewe.

Nataka tuichukue amri hii mpaka Kericho, Bomet na Nandi, kwenye mashamba makubwa ya majani chai. Kwa miaka mingi majani yale yalichumwa kwa mikono, majani mawili na chipukizi lake, na mchumaji akalipwa kwa kilo. Kwa kilo hizo watoto walisomeshwa na wazazi wazee wakatunzwa. Kisha zikaja mashine za kuchuma. Watu wachache wakiwa na mashine moja hufanya kazi ya kundi kubwa la wachumaji. Mwezi wa Oktoba 2010 wafanyakazi waligoma kwa sababu ya mashine hizo. Mwezi wa Mei 2023, huko Kericho, mashine zilichomwa moto na watu wakaumizwa. Kamati iliyoundwa na serikali ya kaunti ya Kericho ilikadiria kwamba katika kaunti hiyo peke yake nafasi za kazi kama 30,000 zilikuwa zimepotea kwa muda wa miaka kumi.

Wengi wa wachumaji hawa huishi katika nyumba za shamba. Kwa hiyo kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha, na mtoto huondoka shuleni katikati ya masomo. Hata viwandani mambo ni hayo hayo, kompyuta inapoongoza mtambo uliokuwa ukiongozwa na watu.

Je, mashine ni dhambi? La. Katika Kutoka sura ya 31 twasoma kwamba Roho wa Mungu ndiye aliyempa Bezaleli ujuzi wa kufua dhahabu, fedha na shaba. Akili ya kutengeneza chombo ni kipawa cha Mungu. Tena mwenye shamba ana hesabu zake, na gharama zikishinda bei ya chai, shamba lote laweza kufungwa. Lakini nyumba mpya imejengwa, na watu wanaanguka. Ukingo uko wapi?

Sheria ya nchi yetu imeweka ukingo kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu akipunguzwa kazini, chama cha wafanyakazi na afisa wa kazi wapewe habari mwezi mmoja kabla, na mtu huyo alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Mama aliyechuma majani kwa miaka 20 basi hupata mshahara wa siku 300, usiofika hata mwaka mmoja. Naye aliyeandikwa kwa msimu, mkataba wake usipofanywa upya, mara nyingi hapati hata hicho.

Mambo haya si mageni. Huko Nottingham, Uingereza, mwaka 1811, mafundi wa kufuma walianza kuvunja mitambo iliyowaharibia kazi. Mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunjaji. Watu walikufa, na mitambo ikabaki. Lakini baadaye Mungu aliinua watu kama Lord Shaftesbury, Mkristo aliyeamini kwamba injili yahusu pia saa za kazi za maskini. Mwaka 1842 sheria aliyoipigania iliwatoa wanawake, wasichana na wavulana walio chini ya miaka 10 katika machimbo ya makaa. Mwaka 1847 ikaja sheria ya saa kumi kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwandani. Huo ndio ukingo, nao ulijengwa na watu waliosema bila kuchoka.

Ndugu meneja, wewe unayeketi kanisani Jumapili, kabla ya kuagiza mashine nyingine, je, umewaita watu wako ukawaambia mapema? Faida itakayopatikana, je, sehemu yake itawafundisha kazi nyingine? Ndugu uliyeachishwa kazi, usiwashe moto. Kesi na kifungo vitaongeza njaa nyumbani mwako. Simama na wenzako katika chama, mkaseme kwa umoja. Nanyi wazee wa kanisa, msingoje mpaka jamaa ile imefungasha vyombo. Mkajue ni nani amepunguzwa, nani hana karo, nani aweza kuonyeshwa kazi ya mikono.

Na wewe uketiye nyumbani leo ukidhani huna maana tena, kumbuka mfano wa Bwana Yesu katika Mathayo 20. Wale waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja hawakuwa wavivu, hakuna aliyewaandika. Mwenye shamba hakuwadharau. Aliwatokea, akawauliza, akawapa kazi, na jioni akawapa ujira wa kutosha chakula cha nyumbani. Mungu alikuumba kwa mfano wake kabla hujachuma jani hata moja. Thamani hiyo haipimwi kwa kilo.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi useremala kwa mikono yako, uwaonee huruma waliopoteza kazi. Wape wenye mali moyo wa kujenga ukingo kabla mtu hajaanguka, na sisi kanisa lako utufanye kuwa ukingo kwa jirani zetu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.