TUJUE KILICHOMUUA KABLA YA KUSHIKA KISU
(Maneno ya Kamati kwenye mkutano wa wanachama)



Leo tunasema juu ya nyama. Wenye kuwinda swala au funo ni wachache, lakini mbuzi tunachinja sote, na kazi ya kisu ni ileile.

Kwanza, sheria. Mnyama wa porini ni mali ya umma. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974 ilidai kibali, na ile ya mwaka 2009 iliyochukua nafasi yake inadai vilevile. Atakayekamatwa bila kibali asije kututafuta sisi tumtetee.

Pili, kazi yenyewe. Mnyama akishaanguka achinjwe upesi, damu imwagike yote. Funga njia ya haja kubwa kwa kamba, mavi yasimwagike. Ukipasua tumbo, makali ya kisu yatazame juu, vidole viwili vitangulie chini yake. Hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu: wanasukuma kisu kwa nguvu, utumbo unatoboka, nyama inanuka. Kibofu na nyongo vitolewe taratibu. Palipopita risasi pakatwe patupwe. Kisha ning'iniza nyama kivulini, ipoe, nzi wafukuzwe. Matumbo yasioshwe lamboni, maana maji yale yale tunayachota.

Tazama maini na mapafu. Ukiona vifuko vya maji, usiwatupie mbwa. Mbwa akila anapata minyoo, na mayai yake yanarudi kwa watoto wetu. Choma au fukia.

Tatu, na hili ndilo lililotuleta. Mnyama uliyemwinda au kumchinja akiwa mzima, unajua kilichomuua. Je, yule uliyemkuta amelala kichakani? Je, ng'ombe aliyekufa usiku zizini, watu wakaja na visu alfajiri? Tusidanganyane, jambo hilo lipo.

Kimeta huua ghafla. Mzoga huvimba upesi, mara nyingi haukakamai, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Lakini hata dalili hizo zisipoonekana, mzoga usipasuliwe. Ukiupasua, vijidudu vyake vinaingia ardhini na kukaa miaka mingi, vikingoja mifugo mingine. Kuchemsha nyama si kinga ya kutegemea. Ngozi nayo isichunwe, isiuzwe.

Mwite afisa mifugo. Mzoga uzikwe mzima, shimo la kama mita 2, kadiri atakavyoelekeza. Aliyekwisha kushika au kula aende zahanati siku hiyo hiyo, aseme ukweli. Kidonda cha kimeta huwa na weusi katikati na mara nyingi hakiumi, ndiyo maana mtu hukidharau. Dawa ipo, ila iwahiwe.

Tunajua ni vigumu kufukia nyama wakati nyumbani mboga ni mlenda kila siku. Nasi tuna watoto. Lakini ng'ombe akizikwa, hasara ni ya mwenye ng'ombe. Akigawanywa, hasara ni ya kijiji kizima.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya mwaka 1973: Mtu ni Afya. Neno lile halijazeeka.


Kamati ya Chama