KIPYENGA NI AMANA: WAJIBU WA MWAMUZI WA SOKA LA WATOTO NA VIJANA

(Nasaha iliyotolewa msikitini baada ya swala ya Alasiri, mbele ya waumini, walimu wa madrasa na vijana waliojitolea kuchezesha mashindano ya watoto)



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, huenda baadhi ya wazee wakastaajabu kusikia habari za mpira zikizungumzwa ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Tunazizungumza kwa sababu huko uwanjani watoto wetu wanafundishwa jambo kubwa. Mtoto wa miaka 12 hajawahi kusimama mbele ya kadhi wala hakimu wa mahakama ya mwanzo. Lakini kila mwisho wa juma anasimama mbele ya mtu mwenye kipyenga, ambaye neno lake ndilo la mwisho. Huyo ndiye hakimu wa kwanza katika maisha yake. Akimwona anatoa haki sawasawa, atakua akiamini kuwa haki ipo duniani. Akimwona anaiuza haki hiyo kwa soda na nauli, naye atakua akitafuta bei ya kila hakimu.

HUKUMU NDOGO NAYO NI HUKUMU

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini wasimame imara katika uadilifu, hata kama ushahidi wao utakuwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Na katika Suratul-Maida, aya ya 8, anatukataza tusiache chuki yetu juu ya watu fulani itutoe katika haki. Aya hizi hazikubagua mahakama kubwa na ndogo.

Sheikh Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, alieleza katika kitabu chake kuhusu siasa ya kisharia kwamba kadhi ni kila mwenye kuhukumu baina ya watu wawili. Akaendelea hadi kumtaja mtu anayeamua baina ya watoto wanaoshindana kwa uzuri wa hati zao, kwamba naye ni miongoni mwa mahakimu. Basi ikiwa anayeamua mwandiko wa watoto wawili anahesabiwa kuwa hakimu, je, anayeamua baina ya watoto 22, mbele ya wazazi wao na mtaa mzima, atasalimika vipi na hesabu hiyo?

Nanyi mnaikumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Daud juu ya makadhi watatu. Mmoja ni wa Peponi, naye aliijua haki akahukumu kwayo. Wawili ni wa Motoni: aliyeijua haki akaipinda, na aliyehukumu watu kwa ujinga. Kijana wangu unayeshika kipyenga, litazame vizuri fungu hili la tatu. Huyu hakula rushwa. Kosa lake ni kukaa katika kiti asichokijua. Soka ina sheria 17, na sheria ya 5 ndiyo inayomhusu mwamuzi. Asiyezisoma, akategemea tu kwamba aliwahi kuucheza mpira, asikubali kuchezesha mpaka ajifunze.

USALAMA WA MTOTO KABLA YA MATOKEO

Wajibu wa kwanza wa mwamuzi huanza kabla ya mpira kuwekwa katikati. Aukague uwanja: mashimo, vipande vya chupa, mawe. Aitikise milingoti ya magoli kwa mikono yake. Sheria ya kwanza inataka magoli, pamoja na yale ya kuhamishika, yakazwe barabara ardhini, kwa kuwa goli la chuma likianguka juu ya mtoto laweza kumuua. Kama halikukazwa, mechi isianze, hata kama mgeni rasmi ameshaketi.

Kisha awakague wachezaji. Sheria ya 4 inakataza vito vya kila aina, hata mikanda ya ngozi na ya raba mikononi, wala haikubali mtu avifunike kwa plasta. Hapa, ndugu zangu, sheria ya mchezo na dini yetu zimekutana. Wako wanaowafunga watoto hirizi za ngozi mkononi au kiunoni ili timu ishinde. Imamu Ahmad amepokea kwamba lilikuja kundi la watu 10 kwa Mtume (s.a.w.), akapokea kiapo cha utii cha watu 9 na kumwacha mmoja kwa sababu ya hirizi aliyoivaa, hadi alipoikata. Mwamuzi amtake mtoto aivue, kwa upole na bila kumfedhehesha, na mwalimu wa madrasa amweleze baadaye kwamba huo ni ushirikina. Ama mtoto wa kike mwenye kujisitiri kichwa, mwamuzi asimsumbue. Tangu mwaka 2014 sheria za soka zinaruhusu kufunika kichwa, madhali kitambaa kimekaa sawasawa, hakikushonwa na jezi wala hakina pini za kudhuru.

Mchezo unapoendelea, mtoto akiumia vibaya, kipyenga kilie papo hapo. Aliyegongwa kichwani akaonekana kupotewa na fahamu hata kwa muda mfupi, atoke na asirudi siku hiyo, hata kama kocha wake anapiga kelele kwamba amepona. Jua likiwa kali, wapewe nafasi ya kunywa maji. Radi ikianza, wote watoke uwanjani.

Na mwamuzi achunge wakati wa swala. Mechi ya vipindi viwili vya dakika 30 na mapumziko ya dakika 10, ikianza saa 11:15 jioni, itamalizika saa 12:25. Mwezi wa Juni, hapa Dar es Salaam, wakati huo adhana ya Magharibi imekwisha kutolewa. Timu ikichelewa, mwamuzi asiogope kuiahirisha mechi.

FITINA YA UMRI

Ndugu Waislamu, maradhi makubwa ya soka la watoto ni wale tunaowaita vijeba: kijana wa miaka 18 anaandikishwa kuwa ana 14. Hii ni dhulma ya aina tatu. Inamnyang'anya nafasi mtoto wa rika hilo, inahatarisha mifupa ya watoto anaokabiliana nao, na inamfundisha kijana mwenyewe kuishi kwa cheti cha uongo. Taifa letu limeonja aibu yake. Mwaka 2005 timu yetu ya Serengeti Boys, iliyokwisha kufuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, iliondolewa kwa kosa la mchezaji aliyezidi umri. Uongo wa mtu mmoja au wawili ulifuta jasho la watoto wote.

Uislamu ulilijua jambo la umri na uwezo mapema mno. Abdullah bin Umar (r.a.) alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (s.a.w.) akamrudisha, alipojitokeza siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akamruhusu. Sahaba huyo huyo amesimulia, katika hadithi ya Bukhari, namna Mtume (s.a.w.) alivyoshindanisha farasi: waliofanyishwa mazoezi walipewa masafa marefu, na wasiofanyishwa wakapewa masafa mafupi. Ikiwa farasi hawakuchanganywa, vipi tuwachanganye watoto wetu?

Mwamuzi hana kazi ya kutoa vyeti, na si kila mwenye mwili mkubwa ni kijeba. Lakini akabidhiwe orodha za wachezaji kabla ya mechi, na akiona shaka ya kweli aiandike katika ripoti yake na kuifikisha kwa wasimamizi wa mashindano. Asinyamaze kwa sababu kijeba huyo anatoka katika madrasa ya sheikh wake.

USO MMOJA KWA WOTE

Katika barua mashuhuri inayonasibishwa kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari, hakimu anausiwa awasawazishe watu hata katika uso wake na kikao chake, ili mkubwa asitumaini upendeleo na mnyonge asikate tamaa ya haki. Mwamuzi alizingatie hilo. Asicheke na kocha mmoja na kumkunjia uso mwingine. Asipande gari la timu moja kwenda uwanjani. Na mtoto wake au ndugu yake akiwa mchezaji, ampishe mwamuzi mwingine.

Kuhusu zawadi, tumsome yule mkusanyaji wa zaka aliyerudi akisema: hili ni lenu, na hili nimepewa mimi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi ingemfuata. Basi kijana, ukipewa bahasha na kiongozi wa timu, jiulize: nisingekuwa na kipyenga, ningepewa? Posho yako itoke kwa wasimamizi wa mashindano, kwa kiasi kinachojulikana na timu zote. Na wewe usiweke dau katika mechi yoyote, kwani kamari ni haramu kwa kila Muislamu, na kwa hakimu ni haramu juu ya haramu.

Tena Mtume (s.a.w.) amemkataza hakimu kuhukumu akiwa na ghadhabu. Mtoto akikutolea neno chafu, vuta pumzi kabla ya kuvuta kadi. Mwite pembeni, mweleze kosa lake kwa sauti ya chini, kisha mpe adhabu anayostahili kisheria, bila kuzidisha wala kumtukana.

Na ukitambua kuwa umekosea, rejea katika haki. Barua ile ile ya Sayyidna Umar inamtaka hakimu asizuiwe na hukumu ya jana kuirudia haki aliyoiona leo. Sheria ya soka nayo inamruhusu mwamuzi kubadilisha uamuzi wake, alimradi mchezo haujaanzishwa tena. Mtoto anayemwona mkubwa akisema, "Nimekosea, mpira ni wa wale," amepata darsa ambalo hatulipati hata katika vitabu vyetu vingi.

NA SISI TULIO NJE YA MSTARI?

Wazee wangu, sehemu hii ni yetu. Wengi wanaochezesha watoto ni vijana wadogo, wenye miaka 17 au 20. Sisi tuliokaa safu ya kwanza siku ya Ijumaa, tukasikia khutba ya uadilifu, Jumamosi tunamwita kijana huyo mwizi kwa sababu ya mpira wa kona. Watoto wetu wanatusikia. Tunataka awe mwadilifu, kisha tunamfanya aogope kuwa mwadilifu. Vijana wa namna hii huacha kuchezesha, na wanaobaki ni wale wasiojali matusi wala haki.

Ngamia wa Mtume (s.a.w.), Al-Adhbaa, alikuwa hashindwi. Siku moja akapitwa na ngamia wa bedui, na jambo hilo likawauma Waislamu. Mtume (s.a.w.) aliwafahamisha kuwa ni kawaida ya Mwenyezi Mungu kukishusha kila kilichopanda katika dunia. Hakuyapinga matokeo. Nani kati yetu ana timu tukufu kuliko ngamia yule?

Kwa hiyo tunaiomba kila jamaa ya msikiti yenye timu ya watoto ifanye mambo matatu. Iwagharamie vijana wake wajifunze sheria za mchezo kabla ya kuwapa kipyenga. Imteue mtu mzima mmoja katika kila mechi asimame kumlinda mwamuzi dhidi ya matusi. Na kila mzazi akatazwe kuingia uwanjani kubishana naye. Mwenye malalamiko ayaandike kwa wasimamizi baada ya mechi.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe miongoni mwa wanaosimamisha uadilifu katika mambo makubwa na madogo. Wahifadhi watoto wetu, na uwape vijana hawa elimu, ujasiri na ikhlasi. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.