Kila Kitu na Anwani Yake



Wapendwa wasikilizaji, Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni mmoja ingawa viungo vyake ni vingi. Leo twapenda tuteremke chini ya mkono na jicho, hata kwenye chembe hai ile ndogo ambayo wataalamu huiita seli. Ndani yake mna vyumba vingi, na kila chumba kimezungushiwa utando wake. Protini, ambazo ndizo mafundi na vibarua wa seli, mara nyingi huundwa mahali pamoja na kuhitajiwa mahali pengine. Nani basi huziongoza njia? Nani huzifungulia mlango katika utando ule?

Swali hilo lilimshika Günter Blobel maisha yake yote ya utafiti. Alizaliwa mwaka 1936 katika kijiji cha Silesia, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo Poland. Mwanzoni mwa mwaka 1945 jamaa yake waliyakimbia majeshi ya vita, wakapita katika mji wa Dresden, naye mtoto wa miaka minane akastaajabia kuba la kanisa lake kubwa. Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 13 Februari, aliona kwa mbali mbingu zikiwa nyekundu kwa moto wa mji huo. Mwezi wa Aprili dada yake Ruth, msichana wa miaka kumi na tisa, aliuawa kwa mabomu akiwa safarini kwa treni. Vita vilipokwisha, serikali ya Ujerumani ya Mashariki iliwahesabu watu wa kwao kuwa mabepari, kwa hiyo akanyimwa nafasi ya chuo kikuu. Akahamia upande wa Magharibi, akasoma uganga, kisha akavuka bahari kwenda Marekani. Mwaka 1967 aliingia Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, chini ya mwalimu wake George Palade.

Mwaka 1971, yeye na mwenzake David Sabatini walitoa wazo lao: kila protini inayopaswa kusafiri imeandikiwa anwani katika mwili wake wenyewe, mwanzoni mwa mnyororo wake. Ushahidi wa maabara ulikuwa mchache mno, na wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1975, akitumia pia vipande vya seli vilivyotolewa katika kongosho la mbwa, Blobel na Bernhard Dobberstein walionyesha kwamba anwani ipo kweli. Husomwa, protini hupitishwa katika utando, kisha anwani hukatwa, kama bahasha inavyochanwa barua ikiisha kufika. Hata hivyo wapo waliokana kwamba utando una mlango wowote. Mlango huo ulithibitishwa mwaka 1991. Hebu tuhesabu: miaka ishirini! Sisi tukiomba novena moja bila kujibiwa, twanung'unika.

Tunawasihi makatekista wasiikimbilie seli kama shahidi wa mahakamani wa kuthibitisha kwamba Mungu yupo. Imani haihitaji msaada wa namna hiyo, na sayansi haikuombwa kuutoa. Lakini kustaajabu twaruhusiwa.

Tena tufikiri juu ya maradhi. Upo ugonjwa wa kurithi ambamo kimeng'enya fulani cha ini, kwa kosa dogo la anwani, hupelekwa katika chumba kisicho chake. Chenyewe bado chaweza kufanya kazi. Lakini pale kilipo hakisaidii, na mgonjwa hupata mawe katika figo, pengine tangu utoto. Tunawafahamu katika parokia zetu watu waliohesabiwa kuwa hawafai, kumbe hawajawekwa mahali pao. Mara nyingi sisi wenyewe viongozi ndio tulioandika anwani hiyo.

Mwaka 1999 Blobel alipewa Tuzo ya Nobel ya uganga, yenye fedha karibu dola milioni moja za Marekani. Sehemu iliyo kubwa kabisa aliitoa kwa ajili ya Dresden, kwa kumkumbuka dada yake: kulijenga tena kanisa lile, na pia sinagogi jipya la Wayahudi, ambao sinagogi lao lilichomwa na Wanazi mwaka 1938. Kanisa lile, ingawa laitwa kwa jina la Bibi Yetu, ni la ndugu zetu Walutheri. Yeye hakuona hilo kuwa kizuizi.

Mawe ya zamani, meusi kwa moto, yaliokotwa katika kifusi na mengi yakarudishwa ukutani, kila moja mahali lilipotambulikana. Kanisa likawekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005, Blobel akiwa hai. Alifariki mwaka 2018. Msalaba wa dhahabu ulio juu ya kuba ulitengenezwa Uingereza, na miongoni mwa mafundi wake alikuwamo sonara ambaye baba yake alikuwa rubani katika ndege zilizoupiga mji ule mwaka 1945.